Mwaka wa Kunywa Maji

Wiki iliyopita tulimzika Bakari kule Chiungutwa, na tangu siku hiyo nina hasira ambayo haitaki kupoa. Si hasira ya kifo. Bakari alikuwa mtu mzima, alikwishakula chumvi ya kutosha, na kifo chake kilikuwa cha haraka: presha ilimwangusha barazani kwake akiwa anaziba pancha ya baiskeli ya mteja, na kabla bodaboda haijafika kumchukua alikuwa ameshakata roho. Hasira yangu ni ya wale wanaume waliokaa nyuma yangu msibani, wakinong'onezana kwamba marehemu amechukuliwa na ile kansa yake ya kiume. Niligeuka nikawaambia kwa sauti kwamba Bakari aliishinda kansa miaka mingi iliyopita, kwamba nililala naye chumba kimoja wakati anaishinda, na kwamba wao badala ya kunong'ona kama wezi waende wakavue suruali wapimwe. Nilisema hayo mbele ya wakwe zake na mbele ya mashehe. Hakuna aliyeninyamazisha, kwa sababu mimi ni Mmakonde na Bakari alikuwa Myao, yaani mtani wangu, na kwetu huku mtani akisema msibani hazuiliwi. Mzee mmoja tu aliniuliza kama sioni haya. Nikamjibu kwamba haya yangu niliiacha Dar es Salaam, juu ya meza ya mashine, na sijawahi kutuma mtu kuifuata.

Mwaka huo wa mashine ndio ninaotaka kuueleza. Nilikuwa nimestaafu ualimu wa shule ya msingi, mvi zimenijaa mpaka kwenye nyusi, nikiamini kwamba mambo ya kufundishwa nimeshayamaliza. Habari za ukoo wangu sitazieleza. Anayezitaka aje tukae. Inatosha kusema kwamba nilikuwa naamka kukojoa kila saa, mkojo wenyewe unatoka kwa kudondoka, nikapimwa Masasi, wakanikata vinyama vya kupeleka maabara, na majibu yaliporudi daktari akaniambia nina saratani ya tezi dume, bado haijasambaa, na inatibika nikienda Dar kupigwa mionzi. Siku tano kwa wiki, karibu miezi miwili, pamoja na sindano za kupunguza homoni za kiume. Habari hiyo ilipanda mlima kutoka Masasi hadi Newala, na ilipofika kwetu ilikuwa imeshabadilika njiani. Mionzi imekuwa kuchomwa. "Baba Anjela anakwenda kuchomwa," walisema sokoni, na kila aliyenisalimia alimalizia kwa kutazama chini ya mkanda wangu. Jioni hiyohiyo shemeji Patrisi, kaka mkubwa wa mke wangu, alikuja kuuliza kama ni kweli kwamba mtu akishachomwa anakuwa si mume tena. Kwa desturi yetu mwanaume ndiye anayehamia kwa mke. Nyumba niliyokuwa nalala ilikuwa kwenye ardhi ya ukoo wao, mikorosho niliyokuwa napulizia dawa ilikuwa ya ukoo wao, kwa hiyo lile halikuwa swali la udadisi. Alikuwa ananiuliza nikirudi nitarudi kwa nani. Mke wangu alikuwa jikoni anatwanga kisamvu, ameyasikia yote, na mchi wake haukusimama hata mara moja. Nilitamani sana usimame.

Bakari nilikutana naye kwenye benchi la hospitali, siku ya kuchorwa. Nilikuwa nimeuliza kitu kwa mtu, naye akasikia lafudhi yangu akageuka mwili mzima. "Wewe wa juu au wa chini?" Mtu wa kwetu haulizwi zaidi ya hapo: juu ni Newala, chini ni Masasi. Nikasema wa juu. "Basi mtani wangu huyo," akasema, "sogea huko, unanijaza vumbi." Yeye alikuwa ameshaanza matibabu, alikuwa amepanga chumba cha uani si mbali na hospitali, na kitanda cha pili kilikuwa kimebaki kitupu. Nikamuuliza aliyekuwa anakilalia ameondokaje. "Kwa miguu yake," akanijibu, "usinitolee macho." Ndivyo nilivyohamia. Chumba kilikuwa cha bati lisilo na dari, vitanda viwili, jiko la mkaa mlangoni, na dirisha lililotazama ukuta wa bafu la majirani. Kupitia ukuta ule tuliwajua majirani wote bila kuwaona. Kila asubuhi wanawake wawili walifua pale wakitujadili: mara sisi ni ndugu, mara ni mtu na shemeji yake, maana wageni hawawezi kutukanana vile na bado wakala sahani moja. Siku moja mmoja wao akasema, "Wale babu ni wagonjwa wa mashine ile, wala hawatarudi kwao." Bakari alikuwa anasonga ugali. Aliinua mwiko akapaza sauti kuelekea dirishani: "Tutarudi, mama! Tena huyu Mmakonde nitamfunga kwenye kerea ya baiskeli!" Upande wa pili maji yakamwagika, kisha kicheko. Tangu siku hiyo walitusalimia.

Kuchorwa kwenyewe ni hivi. Wanakulaza kwenye meza ngumu, wanakupima kwa mwanga mwembamba, kisha wanakudunga vitone vya wino kiunoni na chini ya kitovu ili kila siku mashine ielekezwe mahali palepale. Bibi yangu alikuwa na nembo uso mzima, zilizochanjwa na kupakwa masizi, na aliingia nazo kaburini kwa fahari. Mimi nilipata zangu uzeeni, tena mahali pa kuficha. Mhudumu wa mashine alikuwa binti anayeitwa Neema, umri wa wanafunzi wangu wa mwisho, mwenye adabu kuliko wote niliowafundisha. Siku ya kwanza aliniinamia kidogo akasema, "Shikamoo babu," nami kabla sijamaliza kusema marahaba akaongeza, "shusha suruali mpaka magotini." Nilisimama nimeshika mkanda. Katika jando tuliambiwa mambo ya mwili wa mwanaume hayatoki kwa wanaume, na mimi nimekaa na agizo hilo maisha yangu yote, hata mke wangu wa ndoa tulikuwa tunazima taa. Sasa huyu ameniamkia vizuri na bado anasubiri. Nikashusha. Chumba kilikuwa baridi, wakatoka wote wakafunga mlango mnene, mashine ikaanza kunizunguka ikiunguruma taratibu, na mimi nikalala peke yangu nikiwa nimetazama dari, nina hofu na nina hasira ya kuwa na hofu. Hakuna kilichouma. Hilo ndilo lililonishangaza, kwamba jambo lililosemwa sokoni miezi mizima haliumi hata kidogo wakati linafanyika.

Kilichonishinda ni maji. Kila mgonjwa wetu alitakiwa kufika kibofu kikiwa kimejaa, kwa sababu kibofu kilichojaa kinausukuma utumbo pembeni na chenyewe kinajisogeza, mionzi isije ikaunguza kisichohusika. Neema alinipa chupa kubwa, akaniambia ninywe yote, nikae kama saa moja, nisikojoe. Agizo jepesi kwa mtu yeyote ambaye si wa Newala. Sisi tumelelewa mahali ambapo maji yanafuatwa bondeni na yanapanda mlima kichwani mwa mwanamke au nyuma ya baiskeli. Kwetu maji hayanywewi, yanaonjwa. Mgeni akipewa kikombe analowesha midomo, anashukuru, anakirudisha kikiwa bado kizito, na mwenye nyumba anamsifia kwamba amelelewa. Mimi asubuhi nilikuwa nakunywa mafunda mawili, na tangu utoto hayo yalinitosha mpaka jioni. Basi nikawa nakaa benchini na chupa ya Neema, naonja, naifunga, naonja, naifunga, na muda ukifika chupa imepungua shingo tu. Nikilazwa mezani wanapiga kwanza picha ya kuangalia, na sauti ya Neema inatoka kwenye spika: "Babu, kibofu kitupu. Amka." Naondolewa, napelekwa mwisho wa foleni, naambiwa ninywe tena. Kuna siku nilirudishwa chumbani bila kupigwa kabisa. Daktari akaniita akasema kwa upole unaotisha kwamba siku zikirukwarukwa hivyo matibabu yanapoteza nguvu, na kama nimeamua kutokupona niseme mapema nafasi apewe mwingine. Nilikuwa nimewafundisha watoto hesabu miaka yangu yote, na sikuweza kumwambia mtu yule kwamba ninachoshindwa ni kunywa maji.

Bakari ndiye aliyenikamata. Aliinama chini ya kitanda changu kutafuta ndala, akavuta dumu la lita ishirini, akalitikisa. "Nini hiki?" Yalikuwa maji ya chupa zote nilizobakiza. Nilikuwa sina roho ya kuyamwaga, kwa hiyo kila siku niliyabeba nikayamimina mle, na moyoni nilijisikia mtu mwangalifu. Bakari alikaa sakafuni akacheka mpaka akashika ubavu. "Huyu anaweka akiba! Dar es Salaam! Ulitaka upande nalo basi, umpelekee nani?" Kisha kicheko kikakatika ghafla, akanitazama vibaya. "Kwa hiyo ndiyo maana wanakurudisha. Unakufa kwa ubahili wa maji, Mmakonde." Nikamwambia si ubahili, ni malezi. Akasema malezi hayo yakafundishwe mbuzi. Akamimina kikombe cha bati kutoka kwenye dumu, akaniwekea mbele. "Kunywa. Yote. Sitoki hapa." Nilikunywa. Kikombe cha tatu koo langu lilikataa, kweli lilikataa, nikahisi kama ninaiba kitu cha mtu, na nikamwona mke wangu na ndoo yake akipanda kile kilima. Machozi yakanitoka mbele ya Myao. Naye, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, hakunitania. Akajaza tena.

Kuanzia hapo nilikunywa kama ng'ombe, na balaa likahamia upande mwingine. Ninapoandika haya mke wangu, Mama Anjela, ananiambia niache kuandika habari za mikojo, vijana watatucheka. Wacheke. Nataka wajue ilivyokuwa pale benchini: wazee wamepangwa mstari, wengine wamevaa suti, wengine kanzu, kila mmoja na chupa tupu mkononi, magoti yamebanwa, hakuna anayethubutu kukohoa. Mashine ikichelewa, tunaanza kutembea kwa hatua fupifupi ukutani. Mbaazi tulikatazwa, kunde tulikatazwa, kabichi nayo ikakatazwa, yote kwa sababu ya gesi tumboni, na wewe mtu wa kusini jiulize hapo kinabaki nini mezani. Tukala wali na samaki mpaka nikamchukia samaki. Asubuhi moja mashine ilisimama muda mrefu, mafundi wanaingia na kutoka, na mimi nikaishiwa nguvu. Nilihisi joto likishuka mguuni, likafika kwenye soksi, likatengeneza kidimbwi sakafuni. Benchi zima liliona. Nilitaka sakafu inimeze. Bakari akasimama, akainua mikono juu kama mtu wa mkutano wa hadhara. "Jamani! Tangazo! Newala maji yametoka!" Mzee mmoja wa suti akaanza kucheka, akasema yeye ilimtoka juzi ndani ya teksi, na mwingine akasema yeye alitoka nyumbani amevaa nepi ya mjukuu. Tukacheka mpaka wawili wengine nao yakawatoka. Neema alikuja na dekio lake la kukaushia maji, akatukuta hivyo, akaanza kucheka na yeye huku amejiziba mdomo kwa adabu. Nimewahi kukaa katika vikao vingi vya wanaume, vya jando na vya chama na vya kanisa, na hakuna hata kimoja ambamo wanaume waliambiana ukweli kama benchi lile.

Wiki zilivyokwenda mwili ulichoka kwa namna nisiyoijua, uchovu wa kushindwa kumaliza sentensi. Mkojo ulianza kuchoma. Sindano zilinipandisha joto la ghafla usoni kama mama aliyekoma hedhi, na matamanio yale ya usiku yakazimika kabisa, sikujua kama ni kwa muda au ndiyo basi. Nyumbani nilipiga simu kila jioni. Mama Anjela aliongea kwa kifupi, nikijua simu iko kwenye spika na ndugu zake wamekaa. Nikimuuliza hali anasema nzuri. Nikimuuliza mikorosho anasema inachanua. Mwisho kila siku ilikuwa neno moja: "Kunywa maji." Nililala nalo hilo neno nikiligeuza huku na huku. Lilikuwa la mke, au lilikuwa la mtu anayemuaga mgonjwa kwa heshima? Sikuwa na uhakika, na hilo liliniuma kuliko mkojo.

Ndipo Patrisi alipokuja. Alifika bila taarifa, amebeba unga wa muhogo na ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, akakaa kwenye kitanda changu, na Bakari kwenye kitanda chake akajifunika kanga akajifanya amelala. Baada ya salamu na habari za mvua Patrisi akasema, "Shemeji, familia imekaa. Tumeona hii kazi uiache. Kule Masasi kuna mtu anatibu kwa mizizi, haunguzi mtu. Ukirudi sasa hivi, bado una kitu. Ukimaliza hapa, hatutakuwa na la kumwambia dada yetu. Bado ana nguvu zake yule." Nikamuuliza kama mwenyewe amesema hivyo. Akasema mambo ya aina hiyo mwanamke hasemi, anasemewa. Tikiti yangu ya kurudi alikuwa nayo mfukoni, ya kesho alfajiri. Nitasema ukweli: nilianza kukunja nguo. Nilikuwa nimechoka, nilikuwa natamani kisamvu cha nyumbani, na niliogopa kurudi mwisho wa safari nikute mlango umefungwa. Nilikunja shati, nikakunja suruali, na mikono yangu ilipofika kwenye taulo hasira ikanishika tangu vidole vya miguu. Daktari alikuwa amenieleza kwamba kukatisha katikati ni kuiachia saratani ipumzike kisha iinuke. Yaani watu hawa wamekaa kikao wakachagua nife nikiwa na kitu, kuliko niishi bila kitu. Na kitu chenyewe ni changu! Nikamwambia, "Shemeji, nimemaliza zaidi ya nusu. Nitamaliza yote. Nikikuta nimefukuzwa, nitajenga kibanda barabarani niishi hapo, lakini nitakuwa naishi." Patrisi akasema nafikiri kama mtoto. Kutoka chini ya kanga ikatoka sauti: "Shemeji, mwache amalize. Mkimkataa, sisi Wayao tutamchukua, tuna upungufu wa watumwa." Patrisi hakucheka. Aliondoka na tikiti zote mbili, na ming'oko akatuachia. Siku iliyofuata nilikuwa benchini mapema kuliko wote, na chupa yangu niliimaliza kabla Neema hajauliza.

Tulimaliza wote, Bakari kwanza, naye akakataa kuondoka mpaka nimalize mimi, akidai kwamba Mmakonde akiachwa peke yake mjini atauza viatu. Tulisafiri pamoja. Basi lilisimama kila tulipoomba, na tuliomba mara nyingi, kondakta akatuzoea. Masasi, chini ya yale majabali, Bakari akateremka akanipa mkono dirishani. "Wakikufukuza, Chiungutwa unaijua," akasema, na safari hii hakuwa anatania. Nikapanda mlima peke yangu.

Nilipofika nyumbani mkeka ulikuwa umeshatandikwa uani. Patrisi amekaa katikati, kulia kwake wajomba wawili wa mke wangu, nyuso za kikao. Mama Anjela alinipokea begi, akasema pole na safari, akarudi jikoni. Sikuweza kusoma kitu usoni mwake. Wakaanza kwa mbali, kama ilivyo desturi: afya, safari, ada ya ukoo, wajibu wa mume. Mimi nilikuwa nimetoka kwenye basi na kibofu changu kilikuwa hakina subira tena, hakikuwa nayo mwaka mzima. Katikati ya maneno ya mjomba mkubwa nikasimama nikasema wazi, "Samahanini, nakwenda kukojoa." Mbele ya wakwe! Mjomba alibaki mdomo wazi. Nikaenda chooni, kile choo chetu cha matofali mabichi kisicho na paa, hatua chache kutoka jikoni, na nikiwa nimesimama pale nikasikia sauti ya mke wangu imetoka jikoni ikaja uani.

"Kaka, nimewasikiliza tangu mlipokaa. Na tangu mwaka jana. Kikao chenu cha kwanza hamkuniita, cha pili hamkuniita, leo mmekuja kukifanyia nyumbani kwangu na chakula mnasubiri nipike mimi. Mnauliza kama bado ni mwanaume. Hilo aliyelala naye ni mimi, mbona swali mnaulizana ninyi? Mlidhani niliolewa na kiungo kimoja? Mimi niliolewa na Baba Anjela. Nilikuwa naomba kila siku Baba Anjela arudi, na amerudi. Anayetaka kumtoa hapa ardhini kwa mama yangu, aanze kunitoa mimi."

Patrisi alikohoa. Mjomba mmoja alisema kitu nisichokisikia, na nikasikia viatu vinatafutwa. Haja yangu nilikuwa nimeshaimaliza. Nilibaki nimesimama mle chooni, mkono mmoja ukutani, nalia kwa kwikwi na kuziba mdomo wasinisikie, mzee mzima ambaye hakulia kwa kansa wala kwa sindano. Sijui nilikaa muda gani. Kisha akaita, kwa sauti yake ya kila siku, "Baba Anjela, umelala huko? Chakula kinapoa." Nikafuta uso, nikafunga mkanda, nikapita mbele yao bila kuomba radhi, nikaingia ndani kwangu.